Rezidenti wapya, kabla ya kuweka troka (bomba la kupitishia vyombo tumboni) ulizeni wino uko wapi

Kila kundi jipya linaingia kwenye upasuaji wa utumbo kwa matundu madogo (laparoskopi) na makosa yale yale, na anayeumia ni mgonjwa. Basi sikilizeni, wadogo zetu.

1. Matundu madogo peke yake hayaponyi saratani ya utumbo mpana. Katika jaribio la COST la Marekani (2004, wagonjwa 872), baada ya miaka 3 saratani ilikuwa imerudi kwa asilimia 16 ya waliofanyiwa laparoskopi na asilimia 18 ya waliofunguliwa tumbo. Ni sawa tu. Lakini usawa huo unataka kazi ile ile ndani: mshipa wa damu ukatwe shinani, mesenteri (pazia la mafuta linaloshika utumbo na mishipa yake) itoke nzima, tezi za limfu zisipungue 12.

2. Wino wa kutia alama mahali pa uvimbe. Hapa tukae kidogo. Ripoti ya kolonoskopi (kamera ya kuchungulia utumbo kupitia njia ya haja kubwa) inasema "uvimbe, sentimita 40", kijana anaandika "sigmoidi" (sehemu ya utumbo mpana kabla ya rektamu) kwenye fomu ya ridhaa, basi. Jamani, hizo ni sentimita za skopu iliyoingia! Ikijikunja, 40 yaweza kuwa sigmoidi, yaweza kuwa juu zaidi. Tumbo likiwa wazi, vidole vingepapasa vikaupata. Koleo la laparoskopi halihisi uvimbe wa sentimita 2 ambao haujatokeza nje ya ukuta. Kwenye skrini utumbo wote ni waridi, unang'aa. Unakisia, unakata, kipande kinapasuliwa mezani: utando laini mwanzo hadi mwisho. Uvimbe umebaki tumboni na mishipa umeshaifunga. Sasa utakata tena, na mgonjwa amepoteza utumbo mzima usio na kosa.

Pigeni wino chini kidogo ya uvimbe, upande wa njia ya haja kubwa, pande 3 au 4 za ukuta, mkitanguliza maji ya chumvi kuinua utando ili wino usimwagike tumboni. Andikeni umepigwa wapi. Hauonekani? Kolonoskopi pale pale mezani, kwa kaboni dayoksaidi. Hewa ya kawaida itajaza utumbo na kuwaziba macho.

3. Vikeni kidonda plastiki kabla ya kutoa kipande.

4. Kufungua tumbo si aibu. Kwenye COST ilitokea kwa mgonjwa 1 kati ya 5 walioanza na laparoskopi. Fungueni mapema, kabla damu haijawalazimisha.

5. Siku ya 3 au 4 baada ya upasuaji, moyo unakwenda mbio, CRP (kipimo cha damu cha inflamesheni) imepita 150: maungio ya utumbo yanavuja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mpigie bosi wako usiku huo huo, usingoje raundi ya asubuhi.