Mwanangu husoma sana, lakini mtihanini anasahau

SWALI: Mwanangu yuko gredi ya nane. Kila jioni husoma daftari lake la sayansi mara tatu au nne, akipigia mistari kwa kalamu ya rangi, na huamka saa kumi alfajiri kurudia. Nikimuuliza kama ameelewa, hujibu kwamba ameelewa, lakini mtihani ukifika anasema yote yamepotea. Mwalimu wake wa tuisheni anataka kumwongezea saa mbili kwa siku. Mimi huuza mboga, niliachia masomo darasa la saba, na vitabu vyake ni vya Kiingereza. Nimsaidieje? – Mama wa watoto watatu, Umoja, Nairobi.

JIBU: Mama, nianze kwa kukuondolea shaka moja: mwanao hakudanganyi. Ukurasa uliosomwa mara nne huzoeleka machoni, na akili ikishauzoea hudhani kwamba imeuhifadhi. Kutambua na kukumbuka ni kazi mbili tofauti. Wewe mwenyewe bila shaka huitambua mara moja sura ya mteja wa siku nyingi, lakini akikuomba umtaje jina ukakwama. Mtihani humtaka mtoto ataje jina, ilhali yeye amejizoeza kutambua sura tu.

Mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kifungu cha kusoma, kisha baadhi wakakisoma tena, na wengine wakaandika kwenye karatasi tupu yote waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, na walioandika bila kutazama asilimia 56. Ndiyo sababu mwanao hulala akiwa na uhakika wa alichosoma, kisha siku ya mtihani akajikuta mikono mitupu.

Kwa hiyo, asome mara moja kwa makini, afunge daftari, aandike anachokumbuka, ndipo afungue na kusahihisha. Atalalamika kwamba njia hii ni ngumu na kwamba inamwonyesha hajui kitu. Usimhurumie hadi akaiacha, kwa sababu ule ugumu wa kulitafuta jibu kichwani ndio unaolikaza. Arudie pia kwa kuacha siku katikati, kwa mfano Jumatatu, Alhamisi, kisha Jumatano inayofuata, badala ya kurundika yote katika jioni moja. Faida ya kutawanya marudio ilionyeshwa na Mjerumani Hermann Ebbinghaus tangu mwaka 1885, na inanisikitisha kwamba wanafunzi wetu wengi humaliza shule bila kuambiwa, ingawa mtaala wa umilisi, yaani ule unaolenga uwezo wa mtoto kutenda anachojifunza, umeweka uwezo wa kujua namna ya kujifunza miongoni mwa umilisi wake saba wa kimsingi.

Sasa nije kwako, maana naona unajidharau bure. Hukumaliza shule, na vitabu ni vya Kiingereza. Kwa kazi ninayokupa, hilo ni jambo la manufaa. Unapochambua sukuma wiki jioni, mwambie akueleze kwa Kiswahili alichosoma, daftari likiwa limefungwa. Mtoto aliyekariri sentensi za Kiingereza bila kuzielewa hawezi kuzihamishia katika lugha ya nyumbani. Atakwama, na hapo alipokwama ndipo penye pengo lake. Akikuambia kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, muulize: umejuaje? Mmea ukifichwa gizani utakuwaje, na kwa nini? Huhitaji kujua jibu. Ukiona anababaika au anarudia maneno yale yale, mwambie akatazame kitabuni, kisha arudi akueleze upya.

Kuhusu tuisheni, singelipia saa hizo mbili kabla ya kuijaribu njia hii kwa muhula mmoja, hasa ikiwa mwalimu huyo atamsomea tu yale yale yaliyomo daftarini. Na huko kuamka saa kumi, tafadhali kukome. Usingizi ndio wakati ambapo ubongo huimarisha yaliyojifunzwa mchana, na mtoto wa umri wake anahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku.