Maswali ya Wasomaji: Anemoni Asiyetulia

SWALI: Nina tangi la maji ya chumvi la lita 80, lina mwezi mmoja na nusu. Nimeweka anemoni (mnyama laini wa baharini mwenye minyiri) mdogo wa upana wa sentimita 6. Kila asubuhi namkuta mahali pengine, jana alikuwa kwenye kioo karibu na pampu, na rangi yake ya kahawia inafifia. Namlisha kamba kila siku. Nifanyeje? – Msomaji, Nyali

JIBU: Kwanza pampu, tena leo. Vika mdomo wake wa kuvutia maji sponji nene. Mnyiri mmoja ukivutwa humo, mwili mzima hufuata, na anemoni aliyesagwa huchafua lita 80 kwa usiku mmoja. Usimng'oe kiooni: kitako, yaani sehemu ya chini anayojishikizia, kikichanika, mara nyingi hafi siku hiyo, ila jeraha huoza. Mwekee jiwe lenye ufa wa kuingiza kitako, kisha ugeuze mkondo wa maji usimpige moja kwa moja.

Anahama kwa sababu hajaridhika. Tangi lako ni changa. Kwa anemoni tungengoja angalau miezi 6. Pima kemikali zinazotokana na uchafu majini: amonia na naitraiti ziwe 0, naitreti isizidi miligramu 10 kwa lita. Ikizidi, badilisha lita 8 hadi 10 kila wiki. Na huyo kamba wa kila siku ni sehemu ya tatizo: anemoni hutema asichomeng'enya, na kinachotemwa kinaoza. Kipande cha ukubwa wa punje ya hindi, mara 1 au 2 kwa wiki, kinamtosha.

Rangi ya kahawia ni ya mwani mdogo mno unaoishi mwilini mwake na kumpa chakula kutokana na mwanga. Joto kali au mwanga hafifu humfanya aupoteze. Taa ya kawaida ya sebuleni haifai. Tafuta taa za LED za kufugia matumbawe, uziwashe kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku, ukianza na nguvu ndogo na kuongeza taratibu kwa wiki 2 au 3. Kwa hali ya hewa ya Nyali, joto ndilo la kuogopwa. Lenga nyuzi 25 hadi 27. Feni inayopuliza juu ya maji husaidia sana. Maji yakipungua kwa mvuke, jazia maji safi yasiyo na chumvi wala klorini, maana chumvi haipandi na mvuke. Kipimo cha chumvi kisome 1.025 au 1.026.

SWALI: Naweza kutumia maji ya baharini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndiyo, ukichota maji yakijaa, mbali na mito, mifereji na bandari, na si baada ya mvua kubwa. Chuja kwa kitambaa kizito, pima chumvi. Maji tu lakini: kwenye hifadhi za bahari usiokote anemoni wala jiwe.

SWALI: Samaki wangu wana vidoa vyeupe. Dawa yenye shaba itamdhuru anemoni? – Msomaji, Bamburi

JIBU: Itamuua. Hamishia samaki kwenye ndoo au tangi jingine lenye pampu ya hewa, uwatibu humo, na maji hayo yasirudi kamwe.