Safu za paneli kwenye inveta mbili zilizounganishwa sambamba

Ndugu, nimekuelewa: una inveta mbili (vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani) zilizounganishwa sambamba, zinatumia betri za pamoja, na unauliza kama waya za paneli zako 16 za sola zikusanywe mahali pamoja kisha zigawiwe inveta zote mbili. Tafadhali usifanye hivyo, isipokuwa kitabu cha maelekezo kinaruhusu waziwazi, kwa sababu kila inveta hutafuta yenyewe volti inayotoa nguvu nyingi zaidi, na zikivuta kutoka safu moja zitavurugana, hata kuharibika.

Tengeneza safu mbili za paneli 8, kila moja iende kwenye inveta yake, chanya na hasi zake zisiguse za mwenzake. Halafu piga hesabu ya volti. Paneli yenye volti 49 bila mzigo, zikiwa 8 kwa mfululizo, yaani chanya ya moja ikiungwa na hasi ya inayofuata, hutoa 392, na kwenye baridi hupanda zaidi. Kwa hiyo ikiwa kikomo cha inveta ni volti 400, punguza paneli.

Mimi hupima kila safu kwa mita kabla ya kuichomeka. Niliwahi kuona alama ya kutoa mbele ya namba, kumbe chanya na hasi zilikuwa zimebadilishana ndani ya kiungio, na kwa macho kila kitu kilionekana sawa.

Usichomoe kamwe kiungio cha paneli wakati umeme unapita, kwani cheche yake haizimiki upesi na huunguza. Zima swichi ya paneli kwanza. Upande wa betri na nyaya za nyumba mwachie fundi umeme mwenye leseni.