Bega lako, na mtu wa kwenye kona

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, salamu zimefika. Umeniuliza kama bega lako, lile lililochomoka kwenye ajali ya bodaboda hadi ukapasuliwa, litahimili ngumi, maana umeona jimu karibu na kazini na roho imeshaenda. La kuhimili kamuulize daktari aliyekupasua, na yule dada wa mazoezi ya viungo. Wao wanalijua. Mimi nataka kujua jambo jingine: nani atakaa kwenye kona yako, yaani yule wa pembeni mwa ulingo anayekutazama na kukwambia basi?

Mama yako anasema nakwepa swali. Sikwepi. Mpiganaji hajui pa kuishia, kona ndiyo inayojua. Mmelisikia hili kwangu tangu wadogo, na leo nalirudia.

Unalijua bega la baba yako mdogo. Ukisali naye unaona, kwenye takbira mkono wa kulia haufiki sikioni. Lilimtoka mara ya kwanza bandarini akipakua magunia, akalirudisha, akafunga bandeji, akarudi mazoezini kabla halijapona. Usiku wa pambano nilikuwa pale chini ya kamba nimemshikia fulana. Raundi ya tatu akarusha ngumi ya kulia ya kuzungusha, mwenzake akarudisha kichwa nyuma, ngumi ikapita hewani. Ngumi ikimpata mtu, mwili wa mtu ndio unaoisimamisha. Ikikosa, inasimamishwa na bega lako mwenyewe.

Kengele ikalia, akaja kukaa. Kiwiko cha kulia kakipakata kwa glavu ya kushoto, hasemi neno. Mbele ya bega pametuna. Mwalimu wake aliinama akapaona, nami nilimwona akipaona. Akammwagia maji kichwani, akamrudishia kinga ya meno, akamwambia, "Watu wamelipa kiingilio." Ndugu yangu akasimama na mkono mmoja.

Yaliyofuata unayajua, sina haja ya kuyaandika. Yule mwalimu ameshatangulia mbele ya haki na simsemi vibaya, lakini lile neno "kiingilio" mpaka leo silipendi, hata nikilisikia langoni uwanja wa mpira.

Kisha nikaja kusikia habari za bondia wa uzito wa juu, Vitali Klitschko. Berlin, Aprili 2000, anapigana na Chris Byrd, anaongoza kwa majaji wote watatu. Misuli ya bega la kushoto ikachanika. Baada ya raundi ya 9 akabaki kwenye kiti, mkanda ukaenda. Watu wakamwita mwoga, bondia mzito gani anaacha pambano analoshinda? Akatibiwa, akarudi, na mwaka 2004 akawa bingwa wa WBC, Baraza la Ngumi Duniani. Nilifurahi siku ile kana kwamba ni mtoto wa mtaani kwetu.

Sasa utasema, Baba, mimi sitafuti mkanda, nataka jasho na kujiamini. Kweli. Kupiga begi si kupanda ulingoni, na bega lisilotumika nalo hudhoofu. Kishimo cha bega ni kifupi, ndiyo maana mkono unageuka kila upande, na ndiyo maana unachomoka upesi. Misuli ndiyo inayoushika, na misuli haijengwi kwa kuogopa. Hapo nakubaliana nawe. Lakini leo ni begi, kesho utaambiwa ucheze na mwenzako raundi moja tu, kidogo tu, nawe nakujua, hutaki kuonekana umeshindwa. Ulipanda mwembe wa bibi ukiwa na homa. Nani atakwambia shuka?

Ningekuwa na uamuzi ningesema... basi, uamuzi si wangu, wewe ni mtu mzima. Ila kama utaenda, anza na kivuli, yaani kurusha ngumi hewani mbele ya kioo, ngumi fupi zilizonyooka, kiwiko karibu na mbavu. Za kuzungusha ziache mpaka yule dada wa mazoezi akuruhusu, si kocha. Na kabla hujalipa, mweleze kocha habari ya bega lako yote, kisha muulize ni bondia gani wake yeye kocha aliwahi kumkatishia pambano, na aliona nini.

Niandikie alivyojibu, neno kwa neno. Na akikutajia ada kabla hajaomba kuliona bega, niandikie hilo pia.

Baba yako