Muulize Fundi: Vyumba vitano, mita moja

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimepanga Mbagala, Dar es Salaam, nyumba ya vyumba vitano yenye mita moja ya umeme. Kila mwezi tunachanga elfu kumi kumi. Mimi nina taa, feni na televisheni; jirani ana friji la kuuzia barafu. Elfu hamsini yetu inatoa uniti 136 tu. Dada yangu yuko kijijini Kilosa, ananunua uniti 75 kwa 9,150. Kwani serikali ina bei mbili? Na bwawa la Nyerere si limeshawashwa? — Mpangaji, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bei ni mbili kweli, na wala si siri. Dada yako yuko D1, kundi la nyumba ambazo wastani wa matumizi yake hauzidi uniti 75 kwa mwezi: shilingi 100 kwa uniti. Nyinyi mko T1, kundi la matumizi ya kawaida, shilingi 292. Weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa bei za nishati) asilimia 1, zinakuwa 122 na 356. Hapo mmeshakatwa 1,500 ya kodi ya jengo, ambayo ni deni la mwenye nyumba. Mkumbusheni siku ya kulipa pango.

Sasa gawa hizo 136 kwa watano. Kila chumba uniti 27. Kwa D1 ni kama shilingi 3,300, na wewe unatoa elfu kumi! Nafuu iliwekwa kwa ajili ya mtu kama wewe, ila inahesabu mita, haihesabu vyumba.

Bwawa lina megawati 2,115, na limesaidia umeme upatikane. Lakini nguzo, nyaya na transfoma vina gharama zake, na bei haibadiliki mpaka EWURA iidhinishe.

Ningeulizwa mimi Dodoma, ningeanza na mita. Kuvuta umeme mjini, hata pasipohitaji nguzo, ni 320,960; kijijini 27,000. Mwenye nyumba gani atalipa hiyo mara tano? Ikatwe kidogo kidogo kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kama kodi ya jengo. Mashine inajua sana kukata. Halafu VAT iondolewe kwenye uniti 75 za mwanzo za D1. Dada yako angebaki na 1,350 kila mwezi.

Kwa sasa changeni mnunue mita ndogo, kila chumba yake. Bei ya uniti haitashuka, ila feni yako itaacha kulipia barafu ya watu. Niliwahi kuzifunga kwenye nyumba moja Temeke; wiki ya kwanza tu, pasi iliyokuwa ikiwaka asubuhi nzima ikazimwa.

Jirani yako yeye asikimbilie D1. Friji la biashara litamvusha uniti 75, na kila uniti ya juu ya hapo ni shilingi 427.