Maswali na Majibu: Meli inajiendesha, barafu nayo inatembea

Kupanga njia ya meli kwenye barafu, kati ya A* na Dijkstra, algorithimu za kompyuta za kutafuta njia ya gharama ndogo, ipi bora? (Mwanafunzi, Espoo)

Swali hili linanichosha. Ukizitumia sawasawa, zote zitakupa njia ya gharama ileile, ila A* huwahi kumaliza. Niulize umeandika nini kwenye hiyo gharama. Ukiandika kilomita peke yake, kompyuta itaipeleka meli katikati ya barafu kongwe, ile nene na ngumu, bila wasiwasi, maana ndiko karibu. Programu ya kupanga njia ya PolarRoute, ya British Antarctic Survey (taasisi ya Uingereza ya utafiti wa Antaktika), huhesabu muda na mafuta, na mara nyingine anayezunguka ndiye anayetangulia kufika. Wengi wenu mnashindana kwa algorithimu huku ramani hamjaigusa.

Satelaiti zipo, mbona meli bado zinakwama?

Kwa sababu picha ni ya jana. Rada ya satelaiti za Ulaya za Sentinel-1 huona kupenya mawingu na hata usiku wa miezi wa Aktiki, lakini picha ikishapigwa, barafu haikusubiri. Mvumbuzi Mnorwe Nansen, akiwa ameiachia meli yake Fram ichukuliwe na barafu mwaka 1893 hadi 1896, aliona kwamba barafu husukumwa kwa takriban asilimia 2 ya mwendo wa upepo, tena ikipinda kuumeni. Piga hesabu: upepo wa mita 10 kwa sekunde, saa 12 tu, barafu imesogea karibu kilomita 9. Ule mwanya uliouchora umeshafungwa. Ndiyo maana mpango mmoja wa safari nzima ni karatasi tu. Unahitaji mpango wa mbali unaorekebishwa kila ramani mpya inapoingia, na mwingine wa karibu unaosoma rada na kamera na kuchagua upite kati ya mapande yapi.

Novemba 2021 meli zipatazo 20 zilinaswa kwenye njia ya kaskazini ya Urusi, barafu ilipoganda mapema. Zote zilikuwa na manahodha. Anayekuuzia meli isiyo na mtu muulize ingefanya nini siku ile, na usikubali akujibu kwa video.

Kivuko cha Falco kilijiendesha Finland mwaka 2018. Si tatizo limekwisha?

Hapana. Parainen hadi Nauvo, njia iliyopita Falco, ni safari fupi ya kivuko, si safari ya bahari ya barafu.

Nikiweka programu ya kupanga njia melini, meli yoyote itapita?

Soma POLARIS, utaratibu wa kupima kama meli inaweza kuingia barafuni, kabla ya kuniandikia tena. Kila aina ya barafu ina alama yake kulingana na daraja la uimara wa meli. Unazidisha alama hiyo kwa idadi ya sehemu za kumi za eneo zilizofunikwa na aina hiyo ya barafu, kisha unajumlisha zote. Jumla ikiwa hasi, punguza mwendo au usiingie. Programu isiyojua daraja la meli yake itapasua bodi ikifuata njia "bora".

Rada si itaona siwa barafu?

Kubwa, ndiyo. Vipande vidogo hujificha ndani ya mawimbi, na tani zake zinatosha kutoboa. Meli ya watalii ya Explorer ilizama Antaktika Novemba 2007 baada ya kugonga barafu. Watu wote waliokolewa. Kwenye meli isiyo na watu hakuna wa kuokoa, lakini hakuna pia wa kuziba tundu, na mafuta yatamwagika vilevile.

Sisi mabaharia wa Mombasa na Dar yanatuhusu nini?

Ajira. Tangu Julai 2018 manahodha na maofisa wa sitaha wa meli za maji ya ncha za dunia wanatakiwa kuwa na cheti cha mafunzo ya huko. Atakayeisimamia meli kwa skrini akiwa nchi kavu atahitaji kuijua barafu kuliko kuijua kompyuta, kwa hiyo kozi ya programu isitangulie cheti hicho.