Krenkesi ya magnesiamu ishapigwa koti lakini bado inatoa unga mweupe, nifanyeje?

SWALI: Mbukwenyi ndugu mhariri. Mi ni fundi wa misumeno ya mnyororo hapa Kizota, Dodoma. Kuna krenkesi (lile ganda la injini) ya magnesiamu ya mteja niliipeleka Dar ikapigwa lile koti la umeme, yaani tabaka gumu linalojengwa juu ya chuma kwa umeme ndani ya dawa, ikarudi ya kijivu imependeza kweli, nikapaka rangi juu nikaifunga na bolti za stenlesi. Sasa mvua hata hazijaisha rangi imevimba na unga mweupe unatoka pembeni ya bolti, na mteja kila siku yuko kwangu. Jamaa mmoja kaniambia niivue niichemshe kwenye maji kama wanavyofanya alumini ya madirisha, eti matundu yataziba. Je ni kweli?
Fundi M., Kizota

JIBU: Asante fundi kwa kutuandikia. Kwa maelezo yako koti halikuwa bovu, ila halikumaliziwa. Lile koti hata lipigwe na bingwa linatoka na matundu, sababu linajengwa kwa cheche ndogondogo zinazopiga kwenye uso wa chuma kikiwa ndani ya dawa, volti zinapanda mpaka mia kadhaa, kila cheche inayeyusha kidogo, gesi inatoka, inabaki shimo, halafu ikipoa ghafla inaacha na nyufa. Matundu mengine hayafiki hata maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Ni kama ukuta wa tofali za kuchoma ambao haujapigwa plasta, umesimama imara kabisa lakini maji unayanywa. Kwahiyo anayekupigia koti bila kuziba matundu kakufanyia nusu ya kazi, na hilo ndo la kumuuliza kabla hujatoa hela.

Na magnesiamu haisamehi. Alumini ikikwaruzika inajitengenezea oksaidi (tabaka la chuma kilichoungana na oksijeni) inayofunika uso wote, ila oksaidi ya magnesiamu ujazo wake ni kama asilimia 81 tu ya chuma kilichoizaa, yaani haitoshi kufunika. Ikipata maji ndo inakuwa haidroksaidi, ambayo ingetulia kidogo, sasa ikija chumvi inaivunja. Na visima vyetu huku Dodoma vingi vina chumvi, mtu anaosha mashine kwa maji hayohayo, yanaingia kwenye matundu, yanafika kwenye chuma, haidrojeni inazaliwa mule ndani, na hiyo gesi ndo inachangia kuinua rangi yako mpaka ivimbe.

Kuhusu kuchemsha, jamaa kasema kitu cha kweli lakini cha chuma kingine. Alumini iliyopigwa anodaizi (koti la oksaidi linalokuzwa kwa umeme) ukiichemsha kwenye maji safi oksaidi yake inakunywa maji, inavimba na matundu yanajifunga. Kwenye magnesiamu kuna wataalamu wanatumia maji moto na mvuke wa presha ndani ya chombo maalum na matundu yanapungua kweli, lakini sufuria kwenye jiko la mkaa na maji ya kisima hapana, utakuwa unaipikia chumvi ndani ya matundu. Usifanye hivyo tafadhali.

Viwandani wanaziba kwa silikati ya sodiamu, fosfeti, au resini inayovutwa ndani kwa pampu ya vakyumu. Zamani kromati ndo ilikuwa mfalme, ila kromiamu iliyomo humo inasababisha kansa, kwahiyo ukikuta kifaa cha zamani kina koti la njano njano usikipige msasa mkavu.

Kwa karakana yako mi nakushauri uzibe matundu kwa epoksi inayovumilia joto la injini. Toa rangi yote, na usiguse brashi ya waya wa chuma, chembe za chuma zikibaki pale zitaanzisha kutu upya. Osha kwa sabuni ya magadi, wala siyo siki wala asidi ya kutoa kutu maana magnesiamu inaliwa na asidi haraka sana. Suuza na maji ya betri yale yaliyochujwa (soma chupa vizuri, usichukue ile yenye asidi). Ukikuta koti lenyewe limeliwa mpaka chuma kinaonekana, kuziba hakusaidii, irudishe ipigwe koti upya kwanza.

Halafu kukausha, na hapa ndo wengi wanaharibu. Uso ukikauka haina maana matundu yamekauka. Weka kwenye oveni kama nyuzi 120 kwa saa moja au zaidi, iache ipoe mpaka iwe vuguvugu, ndo upake epoksi uliyoilegeza na thina yake yenyewe ili iweze kuzama. Sehemu za beringi na gasketi zifunike na tepu. Futa inayozidi, iache ikamate, rudia koti jembamba la pili na la tatu, tatu nyembamba zinashinda moja nene. Ukitaka kuhakikisha dondoshea wino pale kabla ya rangi, subiri dakika chache, futa, doa likigoma kutoka ujue bado matundu yako wazi.

Ukilazimika kusugua popote ule unga wa magnesiamu usiurundike, unashika moto, na ukiwaka usimwagie maji hata kidogo, maji yanatoa haidrojeni na moto unazidi. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu, uwe mkavu kweli.

Mwisho bolti. Stenlesi na magnesiamu vikikutana kwenye maji ya chumvi magnesiamu ndo inayoliwa, ndo maana unga umeanzia pale. Weka washa pana za alumini chini ya kila kichwa cha bolti, paka grisi nzito au silanti kwenye nyuzi za bolti na chini ya washa wakati unafunga, na mwambie mteja asiioshe tena na maji ya kisima, aifute tu na kitambaa chenye mafuta.